Mtu wa Pili Chumbani

Shuleni walimwita Mwalimu Kipaza, na hata mumewe, fundi wa mafriji, akitaka kumchokoza alimwita hivyo hivyo. Jina hilo hakuliokota njiani. Akisema "kaeni chini" darasa la kwanza, darasa la nne nao wanakaa, na mwenye duka ng'ambo ya barabara anajikuta anatafuta kiti. Lakini ukubwa wa sauti ulikuwa jambo dogo. Jambo lenyewe ni kwamba alikuwa na sauti mbili.

Ya kwanza ilikuwa nzito, ya mwalimu, ya kuulizia. Ya pili ilikuwa nyembamba, ya kitoto, ya kujibia. Watoto wa darasa la kwanza, siku za mwanzo, huwa wameufyata kabisa: huyu analia, yule anatafuna kola ya shati, na hakuna anayethubutu kufungua kinywa. Basi Kipaza aliandika silabi ubaoni, akauliza kwa ile nzito, "Hii inasemaje?" Halafu akageuza shingo kidogo na kujijibu kwa ile nyembamba, ungedhani kuna mtundu mmoja kajificha nyuma ya darasa: "Inasema maaa!" Watoto waligeuka kumtafuta huyo mwenzao jasiri, wasimwone. Akiuliza tena, wawili watatu wanamfuata huyo asiyeonekana, na kabla ya wiki kwisha darasa zima linaitikia mpaka mabati yanatetema.

Alifundisha hivyo mwaka nenda mwaka rudi, mpaka zile sauti zikamfuata nyumbani. Akipotewa na ufunguo, anajiuliza kwa nzito ameuweka wapi na kujijibu kwa nyembamba kwamba uko juu ya kabati. Wala hajui kwamba anafanya. Mumewe alishazoea, aliwaambia wateja wake kwamba yeye alioa mke mmoja, akaongezewa na mtoto humo humo.

Sasa wakubwa wa elimu wakaja na lao. Likatoka agizo: miaka mitatu ikiisha, mwaka mpya ukiingia, mwalimu asiye na digrii hasimami tena mbele ya darasa. Hafukuzwi, la, atatafutiwa kazi nyingine hapo hapo shuleni, ya stoo, ya funguo, ya kupanga mafaili. Walilisema kwa upole, kama vile kumtoa mtu katika kazi aliyoifanya tangu ujana wake na kumkabidhi funguo za stoo ni kumpandisha cheo. Kipaza alikuwa na cheti tu cha ualimu, cha zamani, karatasi imeshaanza kuwa ya njano. Alipolisikia lile agizo roho ilimkaa juu juu, haikushuka hadi alipojiandikisha chuo kikuu, katika masomo ya watu walio kazini.

Na alijikaza. Somo moja baada ya jingine alilipita, si kwa alama za kutangazia majirani, lakini alilipita. Mitihani ilifanyiwa ukumbini, kwa kalamu na karatasi, na kila mara mambo yalikuwa yale yale. Katikati ya mtihani msimamizi anakuja taratibu, anamgusa bega, anamnong'oneza, "Mama, unawasumbua wenzako." Kipaza anashtuka, anaomba radhi, anaziba mdomo kwa leso, basi, yameisha. Msimamizi alikuwa na macho na masikio, na aliuona mdomo uliokuwa ukisema.

Likabaki somo moja tu la kumalizia digrii, Mbinu za Kufundisha Kusoma. Somo lake hasa, la kulifanya huku amefumba macho. Na hapo ndipo chuo kilipoamua kwamba kuanzia sasa kila kitu kitafanyika mtandaoni.

Jamani, mihadhara yenyewe ilikuwa mateso. Mhadhiri alitumia nusu ya kipindi akiuliza kama wanamsikia, na nusu nyingine akiwaomba wazime vipaza sauti, maana kwa fulani kuna jogoo na kwa fulani kuna mawifi wanagombana. Wanafunzi walikuwa visanduku vyeusi kwenye skrini. Kipaza, aliyezoea kumtazama mtoto usoni akajua kama ameelewa au amebanwa na haja, alivikodolea macho vile visanduku asipate hata cha kusoma. Bando lilikatika pale pale penye maelezo ya maana, na akishaweka jingine mhadhiri anaaga. Siku moja aliifunga laptopu kwa kishindo hadi mumewe akaja mbio akidhani kuna friji limeanguka.

Mtihani nao ulikuja na programu yake, ambayo wanafunzi waliipachika jina la Mlinzi. Mlinzi anakaa ndani ya kompyuta, anakutazama kwa kamera na kukusikiliza kwa kipaza sauti tangu unapoanza hadi unapomaliza. Uwe peke yako chumbani. Uzungushe kamera uonyeshe kuta zote, na chini ya meza pia. Siku hiyo, mchana, Kipaza alifunga madirisha na mlango, akamfukuza mumewe hadi karakana yake ya uani, akamwonya asigonge kitu, asikohoe, wala asiimbe. Mume akatii. Muda wote wa mtihani alikuwa ameingiza kichwa ndani ya friji la mteja, anahangaika na nyaya kimya kimya kama mwizi.

Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri. Halafu likaja moja lililouliza mwalimu afanyeje na mtoto anayeogopa kufungua kinywa mbele ya wenzake. Ebo, jambo analolifanya kila siku ya Mungu! Lakini kulifanya ni kitu kimoja na kulieleza kwa lugha ya vitabu ni kitu kingine, na kijasho chembamba kikaanza kumtoka. Bila kujijua akageuza shingo. Nzito ikauliza, nyembamba ikajibu, vidole vikaandika. Nzito ikauliza tena. Majibu yakaanza kumiminika, aya baada ya aya, na hakuna aliyekuja kumgusa bega.

Alipotoka chumbani alikuwa anacheka peke yake. Alimwendea mumewe kule uani, akamwambia kwamba safari hii amewashika, na mwaka mpya yuko darasani kwake kama kawaida. Mume akautoa uso ndani ya friji, akamwambia mwenye digrii apike basi, mwenzake ana njaa.

Siku ya matokeo, mahali pa alama palikuwa na maandishi mekundu. Mtihani wako umezuiwa kwa uchunguzi. Sauti ya mtu wa pili imesikika chumbani, ikitoa majibu. Utaitwa kwenye kikao cha nidhamu, na ukikutwa na hatia utapewa sifuri.

Kipaza aliyasoma yale maneno hadi yakaanza kucheza. Mtu gani wa pili? Mumewe alivuta kiti, akasoma pole pole, akaangua kicheko. Akasema waambiwe ni yeye, naye apate kuheshimika mtaani kama fundi anayetoa majibu ya digrii. Mke hakucheka. Aliondoka akasimama jikoni, akaegemea meza, damu inamchemka, akauliza kwa ile nzito ni nani huyo mshenzi aliyekuwa chumbani. Na ile nyembamba, kwa utiifu wake wote, ikajibu kwamba ni mimi.

Akajisikia. Mara ya kwanza maishani akajisikia kama wengine wanavyomsikia.

Mwanzoni alipata nafuu, maskini. Aliona jambo lenyewe ni dogo, ni la kueleza tu, watu wazima watamwelewa. Akapiga simu chuoni. Simu ilipokewa na muziki, muziki ukapokezana na sauti iliyomwambia apitie tovuti, na tovuti ikamwambia apige simu. Alipigwa danadana hiyo wiki nzima. Mwishowe akaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, akavaa gauni lake la kuendea mahafali ya watu, akapanda basi hadi chuoni, akasema kama hawataki maneno basi atawapelekea mdomo wenyewe wauone.

Chuoni alikuta korido zinazonukia rangi mpya na milango mingi iliyofungwa. Mapokezi alikaa binti mmoja mpole, mbele ya kompyuta. Kipaza alimweleza yote toka mwanzo. Binti akamsikiliza vizuri, akamwambia malalamiko yanapelekwa kupitia akaunti ya mwanafunzi, mtandaoni.

"Lakini mwanangu, mimi mwenyewe niko hapa. Nimekuja na miguu yangu."

"Naona, mama. Ila siku hizi hapa hatuonani na watu."

Kipaza akaona isiwe tabu. Pale pale mapokezi akanyoosha mgongo, akauliza kwa nzito, akageuza shingo, akajibu kwa nyembamba. Binti wa watu alitazama chini ya meza kumtafuta mtoto. Alipogundua alicheka mpaka akafuta machozi, akaomba arudiwe, akaapa kwamba hajawahi kuona kitu kama hicho. Kipaza naye akatabasamu, akidhani yamekwisha.

"Mama, mimi nakuamini kabisa," binti alisema. "Tatizo mimi si mfumo."

Akarudi nyumbani kwa basi lile lile, amekunja uso njia nzima.

Kikao cha nidhamu nacho kilikuwa mtandaoni. Mkuu wa shule, mtu mwema ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuhuzunika pamoja na watu, alimwazima ofisi yake kwa kuwa intaneti ya shule ilikuwa na nafuu kidogo kuliko ya nyumbani. Alitaka kukaa naye awe shahidi. Wapi, kanuni zilisema mtuhumiwa awe peke yake chumbani. Mkuu akatoka, akasimama nje ya mlango wake mwenyewe kama mtoto aliyechelewa.

Wajumbe walikuwa watatu. Mwenyekiti alizima kamera, na kwa honi zilizosikika nyuma yake ilikuwa wazi yuko garini, kwenye foleni. Mhadhiri mmoja wa kike alionekana paji la uso na feni ya dari. Wa tatu alikuwa katibu, ambaye angalau alionekana uso mzima. Katibu akacheza ile rekodi. Kipaza akaisikia sauti yake nzito ikiuliza, nyembamba ikijibu, na baada ya kila jibu vidole vikigonga kibodi kwa pupa. Hata yeye mwenyewe, angekuwa hakimu, angemfunga huyo mwanamke.

Mwenyekiti alimuuliza kama ana binti. Akasema ndiyo, anaye mmoja, ameolewa, anaishi mbali. Akaulizwa binti huyo alisoma wapi. Kipaza akajibu kwa fahari, kabla hajaona shimo lilipo, kwamba alisoma hapo hapo chuoni kwao, na ualimu vile vile. Honi moja ikalia.

Akaanza kueleza. Akaeleza habari ya watoto wanaotafuna kola, habari ya silabi ubaoni, habari ya wasimamizi waliokuwa wakimgusa bega. Alieleza kwa kirefu, na kadiri alivyoeleza ndivyo mambo yalivyozidi kusikika kama hadithi ya kutungwa. Mwenyekiti akamkatiza.

"Mwalimu, unataka tuamini kwamba unajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kwa sauti mbili."

"Naomba niwaonyeshe. Nitazameni mdomo tu, jamani, nitazameni mdomo."

Akasogeza uso hadi ukajaa kwenye kamera. Akavuta pumzi. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kuliko siku aliyoposwa. Akafumba mdomo kidogo kujiweka sawa, kama anavyofanya darasani, na wakati huo huo, bila yeye kujua, intaneti ya shule ikafanya mambo yake. Picha ikaganda. Sauti ikaendelea.

Kule kwao wajumbe waliona uso wa mwanamke umetulia tuli, midomo imefungwa, macho yanawatazama. Na kwenye uso huo uliofungwa mdomo ikatoka sauti nzito ikiuliza hii inasemaje, na baada yake, safi, nyembamba, ya kitoto, ikatoka ile nyingine ikisema inasema maaa. Kipaza akarudia ili wapate uhakika. Akarudia tena, kwa ma, kwa me, kwa mi, jasho linamtoka, akiweka moyo wake wote, maana alijua hii ndiyo nafasi yake ya mwisho. Hakuwahi kuifanya vizuri namna ile. Nje ya mlango mkuu wa shule alisikia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mwenyekiti," katibu alisema, "mdomo wake umefungwa. Nauona vizuri. Huyo mtu yumo humo humo ndani."

Kipaza akasikia. Akaruka kwenye kiti, akapaza ile sauti ya kukalisha madarasa, akasema ni mtandao, picha imeganda, hakuna mtu, waje wakague, wamuulize mkuu wa shule aliye hapo nje. Lakini intaneti ilikuwa imemalizana na picha na sasa ilikuwa inamalizana na sauti, na kilichowafikia kilikuwa mikwaruzo. Iliporudi, mwenyekiti alikuwa anawashukuru wote kwa muda wao. Skrini ikawa nyeusi, na ndani yake Kipaza akabaki anajitazama mwenyewe na mdomo wazi.

Mkuu aliingia akimpongeza. Alipomwona usoni akavuta kiti cha wageni, akakaa naye. Kwa kuhuzunika alikuwa hodari, lazima tumpe haki yake. Baadaye aliwaandikia chuo, akasema yeye ni shahidi. Wakamjibu kwa adabu kwamba aliyekuwa nje ya chumba hawezi kushuhudia yaliyotokea ndani ya chumba.

Uamuzi ukaja. Sifuri. Anaweza kurudia somo mwaka ujao, kwa njia ile ile, chini ya Mlinzi yule yule. Na waliongeza maneno yaliyomuuma kuliko sifuri yenyewe: kwamba hata ndani ya kikao, mtu wa pili aliendelea kumsaidia mtahiniwa bila haya. Mumewe safari hii hakutania. Alitoka akaenda karakana, na kwa mara ya kwanza tangu waoane akasikika anatukana friji.

Mwaka mpya ukaingia. Kipaza alikabidhiwa funguo za stoo.

Stoo ile ilipakana na darasa la kwanza, na ukuta uliovitenganisha haukufika juu. Fundi aliacha uwazi chini ya mabati, wa kupitisha hewa. Darasa lake alipewa mwalimu mpya, binti mdogo, ametoka chuo kile kile na digrii yenye alama za kung'aa. Alikuja kumwamkia Kipaza kwa heshima, akimwita mama, akaomba dua zake. Kipaza akampa chaki na neno la baraka, na moyoni akajichukia kwa kumchukia mtoto wa watu asiye na kosa. Kisha akafunga mlango wa stoo, akakaa juu ya boksi.

Kule ng'ambo ya ukuta mambo hayakwenda. Mtoto mmoja analia. Wengine kimya. Akavisikia viatu vyao vikisuguana chini ya madawati, akajua, bila kuona, kwamba kuna anayetafuna kola. Yule binti aliandika ubaoni, chaki ikalia, akauliza hii inasemaje. Kimya. Akauliza tena, kwa uchangamfu wa kujilazimisha, kama walivyofundishwa. Kimya kile kile. Mara ya tatu sauti yake ilitetemeka, na Kipaza akatambua kwamba mwalimu naye yuko karibu kulia.

Kipaza aliuma mdomo. Aliwaza mwache, si ana digrii? Aliwaza habari za yule katibu na lile neno lake la mdomo uliofungwa, na hasira ikampanda mpaka machoni. Walimnyang'anya darasa kwa sababu ya sauti hii. Sasa tena iwafanyie kazi bure, kutoka stoo?

Lakini shingo ilikuwa imeshageuka.

"Inasema maaa!" ikasema ile nyembamba, kupitia uwazi wa juu.

Madawati yalilia. Darasa zima lilikuwa limegeuka nyuma kumtafuta huyo mwenzao. Mtoto aliyekuwa analia akaacha. Kukawa kimya, si kimya kile cha kwanza, halafu kisauti kimoja, cha uoga, kikajaribu: maaa. Kingine kikafuata.

Binti hakuja kugonga mlango wa stoo, wala hakuuliza ni nani. Kipaza alisikia hatua zake zikisogea hadi karibu kabisa na ukuta, chaki ikaandika silabi nyingine, na swali likaulizwa tena, safari hii kwa sauti nzito kidogo, uso umeelekezwa juu, kwenye ule uwazi. Halafu akasubiri.

Kwa hiyo sasa ilikuwa kweli. Kulikuwa na mtu wa pili chumbani, na alikuwa anatoa majibu. Kipaza alifuta machozi kwa kiganja chenye chaki, akiwa bado amekasirika, akavuta pumzi, akajibu.